Majani ya Uani Katika Nchi ya Vumbi

Jina la Habaswein limetoka katika lugha ya Kisomali, na maana yake ni vumbi kubwa. Waliolitoa hawakutia chumvi. Mji huu uko katika tambarare ya Wajir Kusini, karibu na kinamasi cha Lorian, mahali ambapo mto Uaso Nyiro, baada ya kutoka mbali katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, humalizikia mchangani bila kuiona bahari, isipokuwa katika miaka ya mafuriko makubwa. Njia ya malori yaendayo Wajir na Mandera hupita hapo. Lori moja likipita wakati wa kiangazi, nguo zilizoanikwa hubadilika rangi, na mwenye kupika hana budi kufunika sufuria yake upesi. Alasiri upepo ukianza kuvuma, hata lori halihitajiki.

Basi mtu aliyejaliwa kujenga nyumba ya kudumu mahali kama hapo, akishamaliza kuta na paa, si ajabu akitamani kuona majani mabichi mbele ya mlango wake. Majani huushika udongo usipeperuke, hupunguza joto linalorudi kutoka ardhini, na jioni ni mahali pazuri pa kutandika mkeka na kunywa chai pamoja na wageni. Tamaa hiyo haina ubaya wowote. Lakini njia wanayoifuata wengi katika kuitimiza imeazimwa kutoka nchi za baridi na za mvua nyingi, nayo haifai Habaswein, wala Garissa, wala Dadaab. Twapenda kueleza hapa njia ifaayo, na kwanza kabisa kueleza kwa nini ukubwa wa kiwanja ni jambo la kufikiriwa kabla ya aina ya majani, na kabla ya samadi, na kabla ya ustadi wa mkataji.

MAJANI YALIYOPOTEA NJIA

Mtumishi akihamishwa kutoka Nyeri au Kericho au Kisii kuja kufanya kazi kaskazini, aghalabu huja na mazoea ya kwao. Likizo ya kwanza ikiisha, hurudi na gunia la majani ya Kikuyu, akayapanda mbele ya nyumba, akayamwagilia asubuhi na jioni. Kwa muda wa miezi miwili huwa fahari ya mtaa. Kisha huenda likizo tena, na akirudi hukuta makapi makavu. Hapo husema kwamba ardhi ya huku haioti kitu.

Ardhi haina kosa. Majani ya Kikuyu ni mema sana, hata yamepelekwa Australia na Afrika Kusini na sehemu nyingine nyingi za dunia. Lakini kwao ni nyanda za juu, penye ukungu na baridi ya usiku, katika kimo cha mita 1,900 na zaidi juu ya bahari. Habaswein haifiki mita 250. Mchana joto huwa nyuzi 33 hadi 37 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Kuyaleta majani hayo hapa ni sawa na kumleta kondoo wa Molo mwenye manyoya mazito na kumchunga jangwani wakati wa jua la utosi.

Wala si Waafrika wa milimani peke yao waliokuja kaskazini na mazoea ya kwao. Maofisa wa Kiingereza waliokaa Wajir zamani za ukoloni walikuwa na klabu yao waliyoiita kwa jina la klabu ya mashua za tanga, Royal Wajir Yacht Club, ingawa mashua yenyewe isingepata mahali pa kuelea. Wao angalau walijua kwamba wanafanya mzaha.

HESABU YA MAJI

Tuache mzaha, tuhesabu. Mvua ya nchi hii, katika mwaka wa wastani, ni milimita 200 hadi 350, nayo huja katika misimu miwili: gu, tangu mwezi wa Machi hadi Mei, na deyr, tangu Oktoba hadi Desemba. Kati yake kuna jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, na hagaa, miezi ya upepo ya katikati ya mwaka. Mombasa na Nairobi hupata mara tatu ya mvua hiyo, au zaidi. Lakini jua la Habaswein lina uwezo wa kukausha maji mengi mara kadhaa kuliko yale yanayoletwa na mawingu.

Majani ya aina ya kuvumilia joto, yakitakiwa yabaki kijani wakati wa ukame, huhitaji kwa kadiri lita 4 za maji kila siku kwa kila mita moja ya mraba. Kiwanja cha mita 10 kwa 10, ambacho machoni pa watu wengi ni kidogo tu, kitataka lita 400 kwa siku. Hayo ni madebe 20, au mapipa mawili makubwa ya mkokoteni wa punda, kila siku. Mbuzi mmoja hunywa lita 4 hivi kwa siku. Kwa hiyo kiwanja hicho kinakunywa maji ya mbuzi 100. Katika miezi mitatu ya jilaal kitakuwa kimekunywa lita 36,000, yaani zaidi ya maboza matatu ya lita 10,000 kila moja. Na msomaji yeyote wa huku anajua boza la maji linavyopokewa kijijini wakati wa njaa.

Sasa twaulize maji hayo yanatoka wapi. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler na mwenzake von Höhnel waliufuata mto Uaso Nyiro wakitumaini kuona ziwa kubwa la Lorian walilosikia habari zake. Walikuta kinamasi. Ziwa la kweli, tukiruhusiwa kuliita hivyo, liko chini ya ardhi: ni hazina ya maji iitwayo Merti, iliyoenea chini ya mchanga na udongo tangu upande wa Merti hadi Habaswein na Dadaab, na kuelekea mpaka wa Somalia. Visima vyake huchimbwa kwa mashine, na maji hupatikana katika kina cha mita 100 na zaidi. Maji matamu yako katika ukanda wa katikati. Pembeni mwa ukanda huo maji ni ya chumvi. Mvua inayoongeza hazina hiyo ni kidogo mno, na sehemu kubwa ya maji yaliyomo ni ya kale sana. Mkivuta kwa pupa mahali pamoja, maji hushuka, na chumvi ya pembeni huweza kusogea.

Hofu hiyo si ya vitabuni. Katika miaka ya 2010 ulipoletwa mpango wa kuyapeleka maji ya Habaswein kwa bomba hadi mji wa Wajir, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, wenyeji wengi waliupinga, wakihofia kwamba visima vyao vitakauka au vitaharibika kwa chumvi. Watu wa Wajir nao walikuwa na haja ya kweli, kwa maana visima vyao vifupi vilikuwa vimechafuka. Hazina hiyohiyo ndiyo iliyonywesha kambi za wakimbizi za Dadaab tangu zilipofunguliwa mwaka 1991. Kisha ukaja ukame wa tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua iliyokosa mfululizo, ambao katika Kenya uliua mifugo zaidi ya milioni 2. Ngamia na ng'ombe walilala wakafa kando ya njia, karibu na visima, kwa kukosa malisho.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, nasi tunayasema waziwazi: kumwagilia majani ya mapambo kwa maji matamu ya kisima wakati wa jilaal, huku akina mama wamepanga foleni na madebe yao, ni jambo la aibu, hata kama mwenye nyumba amelipa bili yake mpaka senti ya mwisho. Fedha hulipia mashine na mafuta. Maji yenyewe hayawezi kulipiwa yakarudi.

Nchi tajiri kuliko yetu zimekwisha kufikia maoni hayo. Katika jimbo la Nevada nchini Marekani, penye mji wa Las Vegas, ilipitishwa sheria mwaka 2021 ya kukataza maji ya mto Colorado yasitumiwe, kuanzia mwaka 2027, kumwagilia majani ya mapambo tu yaliyo kando ya barabara na mbele ya maofisi, majani ambayo hakuna mtu anayeyakanyaga ila yule anayeyakata. Na katika Muscat na miji mingine ya Ghuba, viwanja vingi vya kijani vinavyowastaajabisha ndugu zetu waendao kufanya kazi huko vinanyweshwa maji machafu yaliyosafishwa, wala si maji ya kunywa.

MKEKA, SI UWANJA WA MPIRA

Je, tusipande majani kabisa? Tupande, lakini tupande kadiri ya maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Nyumba yenye watu sita, kila mmoja akioga kwa nusu debe, hutoa lita 60 za maji yaliyotumika. Tuseme lita 10 zinapotea. Zilizobaki, lita 50, zatosha kiwanja cha mita 3 kwa 4. Huo ni mkeka mkubwa mbele ya mlango, nao watosha wageni wanane kukaa, watosha watoto kucheza, na watosha kuzuia vumbi la mlangoni, ambalo ndilo linaloingia nyumbani zaidi. Sehemu nyingine ya ua iachwe iwe changarawe, au miti, au mchanga uliomwagiwa kokoto. Aliye na watu wengi nyumbani apanue. Aliye peke yake apunguze.

Maji yaliyo bora kuliko yote kwa kazi hii ni yale ya kutawadhia, kwa sababu hayana sabuni. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Wasomali walio wengi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu huhesabiwa kuwa ni twahara ingawa hayatawadhiwi tena. Basi hakuna kizuizi cha kuyapeleka kwenye mimea. Msikiti wenye watu mia moja kila swala huweza kunywesha majani ya ua wake na miti ya kivuli kadhaa bila kuongeza hata debe moja. Inatosha kuchimba mfereji mfupi kutoka mahali pa kutawadhia. Twashangaa kwamba katika misikiti mingi ya miji ya kaskazini maji hayo bado huishia shimoni.

Maji ya kuoga hufuata kwa wema. Ya kufulia nguo yanahitaji hadhari. Maji ya kwanza, yaliyojaa sabuni ya unga, yana magadi mengi ambayo hufanya udongo wa mfinyanzi ushikamane kama saruji. Hayo yamwagwe mbali, kwenye changarawe. Maji ya kusuuzia ndiyo yapelekwe kwenye majani. Maji yenye dawa ya kufanya nguo kuwa nyeupe yasitumiwe kabisa, na maji ya nguo za mtoto mchanga yaende chooni. Kadhalika, maji yaliyotumika yasihifadhiwe zaidi ya siku moja, kwani hunuka na huzaa wadudu. Tena yamwagwe taratibu chini kabisa, kwa kopo au kwa mfereji mdogo, yasirushwe hewani, na watoto wasicheze hapo mpaka pamekauka.

UDONGO

Habaswein haina udongo wa namna moja. Mtu mmoja huchimba akapata mchanga mwepesi, na jirani yake, hatua mia moja tu mbali, akapata mfinyanzi mzito wa mafuriko ya zamani. Kwa hiyo usimwige jirani kabla ya kupima. Chimba shimo la futi moja, ulijaze maji, uyaache yanywewe, kisha ujaze mara ya pili na kutazama saa. Yakiisha kabla ya nusu saa, udongo wako ni mchanga, nao utahitaji samadi ya kutosha ili ushike unyevu. Yakikaa mpaka kesho yake, una mfinyanzi uliofungwa, na huenda una magadi. Tazama pia ardhi yenyewe wiki moja baada ya mvua: ukiona ukoko mweupe juu yake, hiyo ni chumvi, na hapo pachague mahali pengine ikiwezekana.

Udongo uliofungwa kwa magadi husaidiwa na jasi, ile mawe meupe laini ambayo nchi yetu inayo kwa wingi huko El Wak. Nusu kilo iliyopondwa kwa kila mita ya mraba, ikachanganywa na udongo wa juu, yatosha kuanza. Lakini ifanywe siku chache kabla ya mvua za gu, maana jasi hufanya kazi pale tu panapokuwa na maji mengi ya kuipenyeza chini pamoja na magadi inayoyafukuza. Kuinyunyiza wakati wa jilaal ni kupaka ardhi chokaa.

Samadi ya mbuzi iko tele, na bure. Itumie ile ya zamani, iliyokaa bomani mwaka mzima au zaidi, karai moja kwa mita ya mraba, tena iliyochekechwa. Samadi mbichi huunguza mizizi, nayo ina hatari nyingine ambayo watu wa Garissa wanaifahamu sana: mbegu za mathenge. Mti huo wa miiba, wenye asili ya Amerika, uliletwa Kenya kwa kupandwa tangu mwaka 1973 katika machimbo ya Bamburi, na katika miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola ili kuzuia mchanga na kutoa kuni. Mbuzi hupenda maganda yake matamu. Mbegu hupita tumboni bila kuharibika na kutoka pamoja na mavi, zimekwisha kupata mbolea yake. Huko Baringo mti huo uliwakasirisha wafugaji hata wakaishtaki Serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa ajili ya maganda hayo. Ukiona mche wa mathenge katika majani yako, ung'oe siku ileile pamoja na mzizi wake. Ukiukata juu tu, utachipua vijiti vitano mahali pa kimoja.

UKOKA

Majani tunayoyashauri ni ukoka, ambao wengine huuita sangari, na wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon. Hauhitaji kuagizwa Nairobi. Tafuta mahali maji yanapotuama au yanapomwagika: kando ya mabwawa ya mvua, karibu na birika za kunyweshea mifugo, katika mitaro ya barabara. Utaona majani mafupi yanayotambaa kwa kamba zenye vifundo, na kila kifundo kimetoa mizizi. Ukoka unaostahimili kukanyagwa na ng'ombe mia kando ya birika hautashindwa na miguu ya wageni wako. Mahali penye chumvi nyingi kuna majani ya pwani yaitwayo Paspalum vaginatum, ambayo huvumilia hata maji ya magadi na hutumiwa sana katika viwanja vya Ghuba; lakini hayo hutaka maji ya mara kwa mara zaidi, na kwa Habaswein twaona ukoka ni bora.

Upandaji ufanywe mvua ya gu ikishashika, si kabla. Mvua moja ya kwanza huweza kudanganya. Ngoja ya pili. Sehemu ya kupandia ichimbwe kwa kina cha nusu futi, ichanganywe na samadi, isawazishwe, na iwe chini kidogo kuliko ardhi ya kando, kwa kadiri ya inchi mbili, ili maji ya mvua yaingie badala ya kukimbia. (Katika nchi za mvua hufanywa kinyume, na hapo ndipo vitabu vingi vya bustani vinapowapoteza wasomaji wa kaskazini.) Penye mfinyanzi uliofungwa usishushe, acha usawa uleule. Kisha kata kamba za ukoka vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, uvilaze katika mifuo iliyoachana inchi sita, ufukie vifundo viwili na kuacha kimoja nje, na kanyaga kwa mguu ili udongo ushikamane na mzizi. Kipande kilichokaa juani kwa saa moja kimekufa, ijapokuwa bado ni kijani. Basi vibebe katika gunia bichi, na upande jioni.

Katika majuma matatu ya kwanza mwagilia kila siku kidogo kama mvua haikunyesha. Baada ya hapo uanze kuunyima. Hili ndilo somo lililo gumu kwa watu wenye huruma. Majani yanayopewa maji kidogo kila jioni huweka mizizi juu juu, na siku ya kwanza ya dhiki hukauka. Yakipewa maji mengi mara mbili kwa juma, alfajiri au baada ya magharibi, mizizi huyafuata maji chini. Maji ya nyumba yako ya kila siku yagawe basi: leo pembe hii, kesho pembe ile, na kila pembe ishibe kwa zamu yake.

Kukata ni kazi ndogo. Mashine haina haja kwa mkeka wa mita 12 za mraba. Fyekeo kali au mkasi mkubwa watosha. Usikate kufikia chini ya inchi mbili, wala usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa siku moja. Wako watu wanaopenda kunyoa majani mpaka ardhi ionekane, wakidhani ndio usafi. Kivuli cha majani yenyewe ndicho kinachokinga mizizi isichomwe na jua. Lakini usiyaache yakawa marefu kupita kifundo cha mguu karibu na nyumba, kwa sababu ya nyoka na nge. Yaliyokatwa wape wana-mbuzi.

Na mbuzi wakubwa? Mbuzi wa Habaswein hutembea mjini kwa uhuru kamili, na ukoka mchanga kwake ni karamu. Bila boma usipande. Boma la miiba iliyokatwa ni rahisi, lakini kila mwaka linataka miti mingine ikatwe, na miti ni michache. Waya na nguzo ni bora kwa mwenye uwezo. Ukuta ukiwapo, pande mlango unaojifunga wenyewe, maana watoto husahau.

Chini ya mwarobaini ukoka hautaota vizuri, kwa kuwa haupendi kivuli. Usibishane nao. Acha hapo mchanga na changarawe, uweke viti, na mkeka wa majani uwe upande wa jua. Lakini ufagio upunguzwe. Ua unaofagiliwa kila asubuhi mpaka alama za ufagio zionekane hupendeza sana, ni desturi ya heshima. Hata hivyo kila fagio huinua udongo wa juu na kuukabidhi kwa upepo, na baada ya miaka kumi msingi wa nyumba huonekana umeinuka. Okota takataka kwa mkono au kwa reki, na ufagio wa chelewa ubaki kwa sakafu.

Jambo moja la afya lisisahauliwe. Wakati wa mafuriko ya mwaka 1997 na 1998, na tena mwaka 2006 na 2007, homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo katika wilaya ya Garissa na majirani zake, nayo hubebwa na mbu wanaozaliwa katika maji yaliyotuama. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalileta madimbwi ya namna hiyohiyo. Kiwanja kilichoshushwa inchi mbili kisiwe dimbwi. Maji yakibaki juu ya majani kwa siku tatu, toboa ardhi kwa mti uliochongwa au kwa uma, na kama hayaendi, fungua mfereji uyaongoze kwenye mti.

WAKATI WA JILAAL

Itafika Januari, na mkeka wako utaanza kugeuka rangi ya nyasi za paa. Wengi hapa hushtuka, wakakimbilia kisimani. Usiende. Ukoka una mashina yanayotambaa chini ya udongo, nayo huweka akiba humo. Majani ya juu yakikauka, mashina hulala, kama yanavyolala malisho yote ya Lorian, na mvua ikinyesha huamka. Katika miezi hiyo maji ya kuoga yapewe kwanza miti ya kivuli, kisha majani yapate yanayobaki. Mara moja kwa majuma mawili yatosha kuyaweka hai. Usikate, usitie samadi, na usiruhusu gari kusimama juu yake, maana majani yaliyolala hayawezi kujitibu. Hata yakiwa makavu, bado yanashika udongo usiruke, na hiyo ndiyo kazi iliyokufanya uyapande.

Mvua ya gu ikisha kunyesha vizuri, subiri siku kumi. Mahali ambapo hapajatoa ncha za kijani, fukua kwa kidole na uchukue kipande cha shina la chini, ukivunje. Kikiwa cheupe ndani na chenye unyevu, kirudishe, funika, ngoja juma jingine. Kikiwa cha kahawia na kuvunjika kama njiti ya kiberiti, hapo pamekufa. Chimbua, tia karai la samadi ya zamani, na upande tena kwa vipande kutoka pembe yako mwenyewe iliyo hai, ambayo imekwisha kuizoea nchi.